Bunduki ya boliti kwa wanyama wakubwa: namna ya kuichagua, kuirekebisha na kuiwekea shabaha

Malalamiko yanayorudi kila msimu ni yale yale. Darubini imehama baada ya risasi kumi. Risasi ya tatu imekwama njiani. Mti wa bunduki, ile mbao inayobeba chuma, umepasuka nyuma ya chuma. Bunduki iliyokuwa ikipiga vizuri mezani imefika porini inapiga pembeni.

Mara nyingi bunduki yenyewe haina kosa. Kosa liko kwenye mpangilio wa kazi. Mtu ananunua, anafunga darubini, anakimbilia uwanja wa shabaha, kisha ndipo anaanza kushika mti, kifyatulio na skrubu. Chochote unachokigusa baada ya kuweka shabaha kinaivuruga shabaha hiyo, kwa hiyo fuata hatua hizi zilivyopangwa.

Bunduki ya kuwindia nyati au tembo ina kazi tatu kabla ya yote: kuingiza risasi, kuilipua, kutoa ganda. Usahihi unakuja wa nne. Matundu matatu yaliyogusana kwenye karatasi hayatakusaidia kitu kama risasi ya pili haiingii chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu.

## Vifaa vya kuwa navyo mkononi

- Bunduki yenyewe na karatasi zake zote za umiliki
- Risasi halisi, angalau 60 za aina utakayowindia (softi, zenye kichwa kinachopanuka), na 20 za solidi (zenye kichwa kigumu kisichopanuka) kama utazitumia
- Risasi bandia 5 za kaliba hiyo hiyo, zisizo na baruti wala fataki hai
- Bisibisi zinazokaa sawasawa kwenye vichwa vya skrubu zako, na bisibisi yenye kipimo cha nguvu (Nm)
- Fimbo ya kusafishia yenye ala laini, brashi ya shaba, vitambaa, dawa ya kuondoa shaba na baruti, mafuta mepesi
- Kipimo cha uzito wa kifyatulio
- Epoksi ya kulazia chuma, nta ya kuzuia kunata, udongo laini wa kufinyangia, utepe wa plastiki
- Gundi ya nyuzi za skrubu, ile inayofunguka kwa mkono
- Mifuko miwili ya mchanga, kinga ya macho, vizibo vya masikio pamoja na vifuniko vya juu
- Miti mitatu ya kuegemezea bunduki ukiwa umesimama

Usinunue risasi za aina nne ukidhani utachagua baadaye. Chagua aina moja, nunua boksi za toleo moja, na umalize kazi yote kwa hizo.

## Hatua ya 1: Kibali kwanza, kaliba ya pili

Usilipie bunduki kabla ya kujua kama sheria ya mahali utakapoimiliki, na ya mahali utakapowindia, inakuruhusu kuwa nayo. Hizo zinaweza kuwa sheria mbili tofauti. Nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji zimeweka kaliba (kipenyo cha risasi) ya inchi .375, au nguvu inayokaribiana nayo, kuwa kipimo cha chini kwa wanyama hatari. Ukinunua ndogo zaidi, utaishia kuikodi bunduki nyingine ukifika.

Kwa swala wakubwa kama tandala na pofu, .30-06 yenye kichwa cha greni 180 (greni ni kipimo cha uzito) inatosha. Kaliba ya 9.3x62, iliyotoka mwaka 1905, inapiga kichwa cha greni 286 na teke lake, ule msukumo wa nyuma begani, linavumilika. Mahali inapokubaliwa kisheria ni chaguo la busara kuliko watu wengi wanavyodhani.

.375 H&H Magnum ya mwaka 1912 ndiyo inayofanya kazi nyingi zaidi: greni 300 kwa takriban mita 770 kwa sekunde, nguvu inayokaribia jouli 5,800 mdomoni mwa mtutu. Juu yake kuna .416 Rigby ya mwaka 1911 na .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956. Teke la .458 linaweza kufika takriban mara moja na nusu ya lile la .375. Mtu ambaye hajazoea .375 akianza na .458 hujifunza kitu kimoja tu, nacho ni kufumba macho kabla ya kufyatua.

Angalia uzito pia. .375 ikiwa na darubini ikae karibu na kilo 4 hadi 4.5, na .458 isiwe nyepesi kuliko hapo. Bunduki nyepesi ni tamu kubeba saa tano mfululizo, lakini itakuadhibu uwanjani hadi uache mazoezi.

## Hatua ya 2: Kuchagua na kukagua

Boliti ni kile chuma unachovuta na kusukuma kwa mkono ili kutoa ganda na kuingiza risasi. Kuna boliti za namna mbili. Ya kwanza ina ndoano pana ubavuni inayoshika risasi mara tu inapotoka magazini na kuishikilia hadi chemba. Mauser 98 ndiyo mama yao, na Winchester Model 70 za kabla ya mwaka 1964 zina mfumo huo. Ya pili, kama ile ya Remington 700, husukuma risasi mbele bila kuishika, na ndoano hunasa boliti inapofungwa.

Zote mbili zinafanya kazi. Tofauti inaonekana pale mtu anapovuta boliti kwa hofu. Ile inayosukuma ikirudishwa nyuma kabla haijafungwa, inaiacha risasi imelala mbele, kisha inaleta nyingine nyuma yake, na hapo umekwama. Inayoshika huirudisha na kuitupa ile ya kwanza. Kwa wanyama hatari chukua inayoshika. Kwa swala, chukua iliyokaa vizuri begani.

Onyo kwa wenye Mauser za zamani: nyingi hazikuundwa kuingiziwa risasi moja kwa mkono moja kwa moja chembani. Ukifunga boliti juu ya risasi hiyo, ndoano inalazimishwa kuruka ukingo wa ganda na inaweza kukatika. Shindilia risasi magazini kwanza.

### Ukaguzi wa bunduki iliyotumika

Fungua boliti, tazama chemba, kisha ingiza kidole uhakikishe haina kitu. Baada ya hapo:

1. Namba. Namba ya kwenye chuma ilingane na karatasi herufi kwa herufi. Ikitofautiana, ondoka.
2. Ndani ya mtutu. Toa boliti, elekeza kwenye mwanga. Mifereji iwe na kingo kali. Vishimo vya kutu mbele ya chemba ni kasoro kubwa kuliko vishimo vya katikati.
3. Ukingo wa mdomo. Zungusha kijiti chenye pamba kwenye ukingo wa ndani wa mdomo wa mtutu. Pamba ikinasa, pana jeraha. Hapo ndipo mtutu unapoagana na risasi, na jeraha dogo linairusha pembeni. Fundi anaweza kulikata upya kwa kazi ya muda mfupi, kwa hiyo litumie kushusha bei.
4. Meno ya boliti. Nyuma ya meno yote mawili kuwe na alama za kusuguana zinazokaribia kulingana. Likigusa moja tu, teke lote linabebwa na jino moja.
5. Mti. Vua chuma kwenye mti. Angalia nyuma ya mkia wa risiva (chuma kinachobeba boliti) na pembeni mwa magazini. Ufa mwembamba kama unywele katika .375 ni ufa mkubwa unaosubiri siku yake.
6. Nafasi ya chemba. Mpe fundi aipime kwa geji ya kukubali na geji ya kukataa. Boliti ikifungika juu ya geji ya kukataa, usipige hata risasi moja.

Kuna mtego mwingine kwa wapenda bei nafuu. Risasi ya .375 H&H ina urefu wa karibu milimita 91, na ile ya .458 Winchester karibu 85, sawa na .30-06. Mauser ya kawaida ya kijeshi haina nafasi ya .375 mpaka chuma kikatwe mbele ya magazini, karibu kabisa na mahali jino la chini la boliti linapoegemea. Kama fundi wa zamani alikata kupita kiasi, bunduki hiyo haina ulinzi uliokusudiwa. Bila fundi anayeaminika kuithibitisha, iache hapo hapo.

Dalili ya mafanikio: namba zinalingana, geji ya kukataa imekataa, mti hauna ufa, na boliti inateleza bila kukwaruza.

## Hatua ya 3: Njia ya risasi kutoka magazini hadi chemba

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoumiza watu. Ifanye kwa risasi bandia tu. Risasi halisi zikae chumba kingine.

Jaza magazini, elekeza mdomo mahali salama, kisha vuta na usukume boliti mara tano kwa kila mwendo: polepole sana, kawaida, na kwa nguvu kama mtu aliyeshtuka. Rudia bunduki ikiwa imelala ubavu, kisha ikiwa imeinama mbele. Halafu fanya yote ikiwa begani, kwa sababu boliti ya bunduki iliyoko begani haivutwi sawa na ya bunduki iliyoko mezani.

Tazama kwa makini risasi ya kwanza na ya mwisho. Ya kwanza imekandamizwa na springi yote, ya mwisho inasukumwa kidogo tu. Matatizo mengi yanajificha hapo.

- Pua inagonga chini ya chemba. Mara nyingi solidi zenye pua bapa ndizo hufanya hivyo. Badilisha umbo la kichwa cha risasi kabla hujafikiria kukwangua chuma.
- Risasi inaruka juu na kutoka yenyewe. Midomo ya njia ya magazini imeliwa au imepanuliwa. Hii ni kazi ya fundi, tena mwenye kaliba hiyo mkononi. Ukipiga msasa zaidi ya kiasi, hakuna namna ya kurudisha.
- Boliti inapita juu ya risasi bila kuichukua. Springi imechoka, imewekwa kinyume, au wewe hukuvuta boliti hadi mwisho. Mtuhumiwa wa kwanza ni wewe: vuta mpaka igonge.
- Ganda halirushwi mbali. Safisha nyuma ya ndoano na njia ya kirushio. Mafuta mazito yaliyoganda ni sababu ya kawaida kuliko chuma kilichovunjika.

Kusugua kwa upole kunaruhusiwa sehemu moja: mteremko wa kupandishia risasi, kwa msasa laini wa namba 600 ukizungushiwa kijiti. Lengo ni kuondoa ukali, umbo libaki lilivyo.

Kisha hakikisha mfuniko wa chini wa magazini haufunguki. Jaza risasi bandia na upige mfuniko kwa kiganja mara kadhaa. Ukifunguka nyumbani, teke litaufungua porini na risasi zako zote zitaanguka miguuni.

Dalili ya mafanikio: mizunguko 50 ya risasi bandia mfululizo bila kukwama hata mara moja. Ikikwama ya 49, rekebisha na uanze kuhesabu upya.

## Hatua ya 4: Kulaza chuma kwenye mti

Chini ya risiva, mbele, kuna jino kubwa linalopokea teke lote na kulipeleka kwenye mti. Kama jino hilo halijakaa imara, kila risasi inakisogeza chuma kidogo. Shabaha inatangatanga, na siku moja mti unapasuka.

Jaribio la haraka: legeza skrubu ya mbele inayofunga chuma kwenye mti, huku kidole kikiwa kwenye mpaka kati ya mtutu na mti. Ukihisi chuma kinainuka au kinashuka, hakijalala vizuri. Kisha pitisha karatasi ngumu kati ya mtutu na mti kuanzia mbele hadi karibu na risiva. Ikigota upande mmoja, mti unausukuma mtutu, na msukumo huo hubadilika mti ukinyonya unyevu. Hapo ndipo inapotoka ile bunduki iliyopiga vizuri nyumbani na kupiga pembeni safarini.

Namna ya kulaza:

1. Kwangua mbao milimita 1 hadi 2 nyuma ya jino na chini ya pete ya mbele ya risiva. Epoksi inahitaji unene, ikiwa nyembamba inavunjika.
2. Bandika utepe wa plastiki mbele, pembeni na chini ya jino. Nyuma usibandike. Jino linatakiwa ligusane na epoksi kwa nyuma tu. Likishikwa pande zote hutaweza kukivua chuma tena bila kuvunja kitu.
3. Ziba kila tundu, mfereji na pembe kwa udongo laini. Epoksi ikiingia kwenye tundu na kuganda, inafunga kama ufunguo.
4. Paka nta ya kuzuia kunata mara mbili kwenye chuma na kwenye skrubu. Skrubu ndizo zinazosahaulika.
5. Weka epoksi, shusha chuma, kaza kwa vidole tu. Ukikaza kwa nguvu unapinda mti, na ukilegeza baadaye unarudi ulivyokuwa.
6. Futa iliyofurika kabla haijaganda. Acha saa 24.
7. Vua kwa kuvuta juu ukiwa umenyooka. Toa utepe na safisha.

Nyuma ya mkia wa risiva acha mwanya wa nusu milimita hadi milimita moja. Unaonekana kama fundi mvivu alipita hapo, lakini bila mwanya huo mkia unaupiga mti kama patasi kila unapofyatua. Kwa .375 na kuendelea, hakikisha pia mti una skrubu nene ya chuma inayoupita kwa upana nyuma ya jino.

Mwisho kaza skrubu za chuma kwa kipimo cha mtengenezaji. Kama hukipati, mti wa mbao huvumilia takriban Nm 4 hadi 5. Miti yenye kitanda cha alumini huenda hadi karibu Nm 7. Andika namba uliyotumia ndani ya mti kwa penseli.

Dalili ya mafanikio: ukilegeza skrubu ya mbele, kidole hakihisi kitu.

## Hatua ya 5: Kifyatulio na sefti

Kwa bunduki ya wanyama hatari, kifyatulio cha kilo 1.4 hadi 1.8 kinafaa. Chepesi zaidi kinasifiwa na wapiga karatasi. Kidole chenye baridi, jasho au hofu hakikihitaji.

Kama kifyatulio chako kina skrubu ya kurekebisha iliyotajwa na mtengenezaji, igeuze robo mzunguko kwa mara moja na upime kila mara. Usiguse vipande vya ndani vinavyokamatana kwa tupa wala msasa. Ngozi ngumu ya chuma ikishaondoka, bunduki inaweza kujifyatua yenyewe wiki tatu baadaye.

Majaribio, bunduki ikiwa tupu kabisa:

- Weka sefti (kizuizi cha usalama), bonyeza kifyatulio kwa nguvu, achia, kisha toa sefti. Usisikie mlio wowote.
- Funga boliti kwa nguvu mara kumi. Isijifyatue.
- Sefti ikiwa imetolewa, gonga kitako juu ya zulia nene mara kadhaa, kisha gonga pembeni kwa nyundo ya mpira. Isijifyatue.

Ikishindwa hata moja, kazi imesimama hapo hadi fundi aione. Jaribio la kwanza lirudie kila mwanzo wa msimu, maana uchafu unaweza kubadilisha matokeo.

Sefti ya bawa ya Mauser za kijeshi haizunguki chini ya darubini iliyofungwa karibu na chuma. Ibadilishe kabla ya hatua inayofuata.

## Hatua ya 6: Darubini

Darubini yenye ukuzaji wa chini wa mara 1 hadi 1.5 ndiyo inayofaa vichakani. Umbali wa jicho uwe angalau sentimita 9, na 10 ni bora kwa .375 na kuendelea. Pungufu ya hapo, utarudi na alama ya nusu duara juu ya nyusi.

1. Safisha matundu ya skrubu, skrubu na vikalio (vyuma vinavyobeba pete za darubini) kwa dawa ya kuondoa mafuta. Skrubu yenye mafuta italegea hata ukiikaza vipi.
2. Kagua urefu wa skrubu ya kikalio cha mbele. Ikizidi, ncha yake inaingia kwenye njia ya jino la boliti. Funga kikalio, kisha fungua na ufunge boliti. Ikiwa nzito ghafla, umeshampata mkosaji.
3. Tone moja la gundi ya nyuzi kwa kila skrubu ya kikalio. Kaza kwa kipimo cha mtengenezaji, mara nyingi kati ya Nm 2 na 3.4.
4. Weka darubini kwenye pete bila kukaza. Vaa nguo utakazowindia. Funga macho, lete bunduki begani, fungua macho. Ukiona duara kamili bila kivuli, umbali ni sawa. Ukilazimika kunyoosha shingo, isogeze.
5. Nyoosha msalaba wa darubini ukitumia uzi wenye uzito ulioning'inizwa ukutani.
6. Kaza pete kwa kukatiza pembe kwa pembe, kidogo kidogo, hadi Nm 1.7 hadi 2.3. Mwanya wa pande zote mbili za pete ulingane. Gundi usiweke hapa. Hulainisha nyuzi na kukufanya ukaze kupita kiasi.
7. Hakikisha kengele ya mbele (sehemu pana ya mwisho wa darubini) haigusi mtutu, na mkono wa boliti haugongi kengele ya nyuma.

Kama umechagua pete za kuvuliwa haraka, zifunge na kuzifungua mara kumi kabla ya kwenda uwanjani. Kila mara wenzo uishie mahali pale pale.

## Hatua ya 7: Kuweka shabaha

Safisha mtutu kuanzia upande wa chemba, kausha mafuta yote. Risasi ya kwanza kupita kwenye mafuta mara nyingi huenda kwake peke yake.

Mezani. Weka mfuko wa mchanga chini ya sehemu ya mbele ya mti. Usiegemeze mtutu wenyewe, wala usiweke mti juu ya kitu kigumu. Bunduki itaruka na risasi itapiga juu. Kwa kaliba kubwa, shika mbele kwa mkono na uweke mkono juu ya mfuko. Weka kitambaa kinene kati ya bega na kitako.

Mita 25. Toa boliti, tazama shabaha kupitia mtutu, sogeza msalaba wa darubini hadi ulingane nayo. Rudisha boliti, piga risasi moja. Hapa ndipo hesabu inawachanganya wengi. Kituo kimoja (mbofyo mmoja wa kirekebisho cha darubini) cha robo dakika ya pembe kinasogeza takriban milimita 7 kwa mita 100, lakini kwa mita 25 ni chini ya milimita 2. Kwa hiyo risasi iliyokwenda sentimita 5 kushoto inataka vituo 28 hivi, siyo 7. Darubini za vituo vya 0.1 mil (kipimo kingine cha pembe) husogeza sentimita 1 kwa mita 100, na milimita 2.5 kwa mita 25.

Mita 100. Piga risasi tatu, kisha acha boliti wazi kivulini hadi mtutu upoe kabisa. Usirekebishe kwa tundu moja. Tafuta katikati ya matundu matatu. Rekebisha, piga tatu nyingine.

Kwa .375 yenye greni 300, weka sentimita 5 juu kwenye mita 100. Risasi itavuka mstari wa jicho karibu na mita 165, na kwenye mita 200 itakuwa takriban sentimita 7 chini. Hizo ni hesabu za karatasi. Piga kwenye mita 150 na 200 uthibitishe kwa bunduki yako. Kwa .458, weka katikati kwenye mita 75 au 100 na uishie hapo.

Matundu matatu ndani ya sentimita 5 kwa mita 100 yanatosha kwa nyati. Usimalize boksi mbili ukiwinda sentimita 2.

Kisha piga solidi bila kugusa darubini. Zikikaa ndani ya sentimita 5 za softi kwenye mita 50, zitumie pamoja. Zikienda mbali, badilisha aina ya solidi. Kuzungusha vituo porini ni kujitafutia balaa.

### Maonyo ya uwanjani

- Mlio laini usio wa kawaida: simama. Kichwa cha risasi huenda kimebaki ndani ya mtutu. Toa boliti na utazame kabla ya kupiga nyingine.
- Imebofya bila kulipuka: endelea kuelekeza shabahani sekunde 30 au zaidi, ndipo ufungue.
- Boliti imekuwa nzito kufunguka: shinikizo limezidi. Joto kali huliongeza, kwa hiyo risasi zisikae juani wala kwenye dashibodi ya gari. Usigonge boliti kwa kitu.
- Vichwa vimezama ndani ya maganda: pima urefu wa risasi ya mwisho magazini kabla na baada ya kupiga za juu yake. Ikifupika, vichwa havijabanwa vizuri na teke linavisukuma. Risasi hizo zirudishe.

Vilengeo vya chuma viwekee shabaha kwenye mita 50, darubini ikiwa imevuliwa. Kilengeo cha nyuma kinasogezwa kule unakotaka risasi iende, cha mbele kinyume chake. Rudisha darubini, piga risasi tatu. Zikirudi ndani ya sentimita 3 za mahali pa zamani kwenye mita 100, pete zako ni za kuaminika.

## Hatua ya 8: Toka mezani

Meza imemaliza kazi yake. Simama, egemeza bunduki kwenye miti mitatu, piga karatasi ya duara la sentimita 15 kwenye mita 50, kisha 75, kisha 100. Umbali ambao tundu moja kati ya matano linatoka nje ya duara umepita uwezo wako wa sasa, hata darubini iseme nini.

Kila risasi ifuatwe na boliti, bunduki ikiwa bado begani. Wengi huishusha kutazama walichopiga. Jizoeze kuvuta boliti kabla hujatazama.

Kujua kama unashtuka, mpe mwenzako ajaze magazini akichanganya risasi bandia na halisi bila kukuonyesha. Ikibofya tupu na mdomo ukazama, unasukuma. Rudi kwenye kufyatua tupu nyumbani kwa risasi bandia, mara 20 kila jioni, na upunguze risasi nzito za mezani hadi zisizidi 10 kwa siku.

## Hatua ya 9: Baada ya safari

Ndege, gari na barabara mbovu hulegeza skrubu. Ukifika kambini, kabla ya kuingia porini, pitisha bisibisi yenye kipimo kwenye vikalio, pete na skrubu za mti, kisha piga risasi mbili kwenye karatasi ya mita 100 mahali palipoidhinishwa. Zikitua ulipoziacha, usiguse kitu. Zikihama, kagua skrubu tena kabla ya kuzungusha vituo vya darubini, na kama hakuna iliyolegea piga ya tatu kabla ya kurekebisha chochote.